Calypso: Jina Moja, Nyumba Tatu

Calypso ni jina la Kigiriki lililoingia katika maandishi takriban miaka 2,700 iliyopita, pale Homer alipolitumia katika utenzi wa Odisea kumtaja mwanamke wa kimungu aliyeishi kisiwani mbali na watu. Leo jina hilo lina nyumba tatu. Ya kwanza ni fasihi, lilikozaliwa. Ya pili ni muziki wa visiwa vya Karibi, hasa Trinidad, ambako calypso ni wimbo wa kejeli, habari na siasa. Ya tatu ni utafiti wa bahari, kwani Calypso ndiyo meli ambayo Mfaransa Jacques-Yves Cousteau aliitumia kwa zaidi ya miaka 40 kuwaonyesha watu wa nchi kavu yaliyomo chini ya maji. Mzizi wa jina ni kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kufunika au kuficha. Calypso, basi, ni "mwenye kuficha".

Nyumba hizo tatu si za ukoo mmoja. Meli ililipata jina kwa yule mwanamke wa Homer, na njia liliyopita inafuatika hatua kwa hatua. Muziki haukurithi kitu: wenyewe ulikuwa na jina lake, na hilo la Kigiriki likaja kulifunika kwa sababu ya kufanana kwa sauti tu. Pwani ya Waswahili imeyaona mambo yote mawili, jina linalorithiwa na jina linalofunika jingine, tangu mabaharia waandikao Kigiriki walipoanza kufika huku karne ya 1.

Jina moja kubeba mambo mengi si ajabu kwa mkazi wa Tanga. Nguvumali ni kata ya Jiji la Tanga. Kwa wasomaji wa tenzi, Nguvumali ni mganga mashuhuri wa pwani ya kusini, anayesimuliwa katika Swifa ya Nguvumali ya Hasani bin Ismail, iliyochapishwa Oxford mwaka 1968 kwa uhariri wa Peter Lienhardt. Na kwa yeyote anayejua Kiswahili, neno lenyewe limeunganisha nguvu na mali. Anayelitaja jina hilo kwenye kituo cha daladala na anayelitaja darasani hawazungumzii kitu kimoja.

Mwanamke wa Ogygia

Katika Odisea, Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca, anarudi nyumbani baada ya vita vya Troya vilivyodumu miaka 10. Safari ya kurudi nayo inamla miaka 10 mingine, na 7 kati ya hiyo haiishii baharini bali kwa Calypso, binti Atlas, katika kisiwa cha Ogygia. Mawimbi yalimtupa huko akiwa amepoteza chombo na mabaharia wake wote. Calypso alimwokoa, akamlisha, akampenda, akamwahidi kwamba akikubali kubaki naye hatazeeka wala hatakufa.

Homer anaichora hali yao kwa picha mbili. Hermes, mjumbe wa miungu, anapofika kisiwani anamkuta Calypso pangoni. Moto wa kuni zenye harufu nzuri unawaka, chemchemi nne zinatiririka nje, na mwenyewe anafuma nguo huku akiimba. Odysseus hayumo. Yuko ufukweni, ameketi analia, macho ameyakaza kwenye bahari isiyo na chombo.

Hermes ameleta amri ya Zeus: mgeni aachiwe aende zake. Calypso anakasirika. Anawalaumu miungu kwamba humwonea wivu kila mungu wa kike anayempenda binadamu waziwazi. Lawama hiyo haipati jibu, na amri anaitii.

Kinachofuata ni kipande ambacho fundi wa mashua wa Pangani au Kigombe angekielewa bila mkalimani. Calypso anampa Odysseus shoka na tezo, kisha anampeleka penye miti mirefu iliyokauka. Odysseus anaangusha miti 20, anaichonga, anainyoosha kwa uzi, anaitoboa kwa keekee aliyoletewa na Calypso na kuiunganisha kwa vigingi vya mti. Anasimamisha mlingoti, anafunga foromali, anatengeneza usukani. Calypso analeta kitambaa, naye anakishona tanga. Kazi inakwisha kwa siku 4. Siku ya 5 anaondoka, akiwa amepewa maji, mvinyo, chakula na upepo mwema. Usiku halali, anaziangalia nyota, na za kwanza kutajwa ni Kilimia, zile zile ambazo wakulima na manahodha wa pwani ya Waswahili wamezitumia kujua majira.

Anasafiri siku 17 kabla ya kuona nchi kavu. Hapo ndipo Poseidon, mungu wa bahari mwenye kisasi naye, anapomwona akiwa anarejea kutoka kwa Waethiopia, jina ambalo Wagiriki wa kale waliwaita watu weusi wa miisho ya dunia. Dhoruba inavunja chombo, na Odysseus anaogelea hadi pwani. Katika utenzi wote uliobaki, Calypso hatokei tena mbele ya macho ya msomaji.

Mwanamke wa kimungu anayemwokoa mtu aliyetupwa na bahari hayumo kwa Homer peke yake. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga, alisimulia kisa cha namna hiyo katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952. Kisa chenyewe kina asili katika hadithi za Alfu Lela Ulela. Ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanamtupa Adili baharini kwa husuda, na jini wa kike, Huria, anamwokoa. Tofauti na Calypso, Huria hamzuii mtu wake, anamrudisha kwake. Lakini hisani yake nayo ina kamba. Anawageuza nduguze kuwa manyani na kumwachia Adili amri ya kuwapiga kila usiku, kazi inayomliza. Calypso anamfunga aliyemwokoa kwa kisiwa. Huria anamfunga kwa adhabu ya wengine. Katika hadithi zote mbili, kuokolewa baharini ni mwanzo wa deni jipya.

Jina la Calypso liliendelea kuishi katika vitabu vya Ulaya. Katika riwaya ya Ulysses ya Mwairishi James Joyce, iliyochapishwa mwaka 1922, sura ya nne hujulikana kama Calypso, ingawa haina kisiwa wala pango. Ina nyumba ya mjini Dublin, mume anayekaanga figo asubuhi, na mke ambaye bado yu kitandani. Kwa Kiswahili, fasihi ya Kigiriki imeingia zaidi kwa mlango wa tamthilia: Samuel Mushi alitoa tafsiri ya Mfalme Edipode ya Sofokile mwaka 1971, miaka michache baada ya Julius Nyerere kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare.

Kigiriki katika pwani ya Azania

Wagiriki hawakuishia kutunga hadithi za bahari. Katika karne ya 1, mfanyabiashara mmoja aliyeishi Misri na kuandika Kigiriki aliacha mwongozo wa bandari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, unaojulikana kama Periplus. Pwani ya Afrika Mashariki aliiita Azania. Alitaja kisiwa cha Menouthias, chenye miti mingi na kisicho na miinuko, ambacho baadhi ya wanahistoria hukilinganisha na Pemba na wengine na Unguja au Mafia. Aliona watu wakivua kwa vyombo vilivyoshonwa na kwa mitumbwi ya gogo moja. Samaki waliwatega kwa vikapu walivyovifunga kwenye milango ya maji kati ya miamba. Atazamaye leo dema likishushwa kando ya mwamba mbele ya Tanga anaona mtego wa jamii hiyo hiyo.

Mbele ya kisiwa hicho mwandishi aliutaja mji wa mwisho wa biashara, Rhapta, akaeleza kuwa jina lilitokana na vile vyombo vilivyoshonwa. Kwa Kigiriki neno hilo lina maana ya kushona. Ufundi alioueleza ni wa ukoo wa mtepe, chombo cha mbao zilizotobolewa na kushonwa kwa kamba ya nazi, uliodumu katika pwani hii hadi karne ya 20. Wenyeji wa mji huo bila shaka waliuita kwa lugha yao, lakini aliyeshika kalamu alikuwa mgeni, na jina lililobaki ni lake. Jambo hilo hilo lilikuja kutokea ng'ambo ya pili ya Afrika, katika muziki.

Kaiso iliyovaa nguo ya Kigiriki

Trinidad ilikuwa koloni la Hispania hadi mwaka 1797, ilipotekwa na Waingereza. Kabla ya hapo, kuanzia miaka ya 1780, walowezi Wafaransa walikuwa wamehamia kwa wingi pamoja na watumwa kutoka Afrika. Watu hao waliotolewa kwao kwa nguvu walibaki na desturi ya kiongozi kuimba na umati kuitikia, ya kumsifu mkubwa na kumsema mpinzani. Baada ya utumwa kukomeshwa, desturi hiyo ilipata uwanja mpana katika sherehe za Karnivali, hasa kwenye michezo ya kupigana kwa fimbo iitwayo kalinda, ambako kila kundi lilikuwa na mwimbaji wake wa kuwachochea wapiganaji na kuwatukana wa upande wa pili. Mwanzoni nyimbo zilikuwa za Kikrioli cha Kifaransa. Kufikia miaka ya kwanza ya karne ya 20 Kiingereza kilikuwa kimeshika nafasi.

Wenyewe waliuita wimbo huo kaiso, na wengine cariso au caliso. Wataalamu wengi wanaelekeza asili ya neno kaiso Afrika Magharibi. Katika lugha za pwani ya kusini-mashariki ya Nigeria kuna usemi unaokaribiana nalo, wa kumhimiza mtu aendelee. Matumizi yake Trinidad yanaunga mkono maana hiyo: mwimbaji akipiga beti kali, watazamaji hupaza sauti, "Kaiso!" Tahajia ya calypso ilianza kuonekana katika maandishi karibu na mwaka 1900. Waandishi na wachapishaji waliosoma shule za kikoloni, ambamo Homer alifundishwa, walisikia sauti wasiyoijua wakaiandika kwa umbo walilolijua. Hakuna pango, hakuna Ogygia, hakuna Odysseus katika asili ya muziki huu.

Jina jipya lilisambazwa na santuri. Mwaka 1912 bendi ya nyuzi ya Lovey kutoka Trinidad ilirekodi New York, na miaka miwili baadaye zikarekodiwa santuri za kwanza zenye mwimbaji. Waimbaji nao walijipa lakabu za kutisha: Roaring Lion, Lord Executor, Attila the Hun. Huyo wa mwisho, Raymond Quevedo, alikuja kuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la Trinidad. Wananchi wengi hawakununua magazeti, na calypso ndiyo iliyowafikishia kesi ya mahakamani, bei ya mkate, ulevi wa tajiri na uonevu wa gavana. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa kuwabana waimbaji kwa leseni na ukaguzi wa maneno.

Katika calypso kuna pambano la papo kwa papo ambamo waimbaji wawili hupeana vijembe mbele ya watu, kila mmoja akitunga jibu hapo hapo juu ya lahani ile ile. Msikilizaji wa taarabu ya Tanga hahitaji kufafanuliwa sana. Miaka ya 1960 na 1970 Tanga ilikuwa na vikundi vya Black Star na Lucky Star, vilivyoleta magitaa na mapigo ya dansi katika taarabu, na ushindani wa vikundi ulikuwa sehemu ya utamu wake. Lakini silaha zao zilikuwa tofauti. Calypso humtaja mtu kwa jina na kosa lake. Taarabu ya kale ilificha: ilisema ua, chombo au ndege, na anayelengwa akajijua mwenyewe. Mipasho ya baadaye ndiyo iliyofunua kilichokuwa kimefunikwa na mafumbo. Kwa maana ya Kigiriki, fumbo la taarabu linastahili jina la Calypso kuliko muziki wa Trinidad.

Muziki wa Karibi ulifika Afrika Mashariki kwa njia kadhaa, na pana kuliko zote haikuwa ya calypso. Kuanzia miaka ya 1930 santuri za mfululizo wa GV zilileta nyimbo za Cuba barani Afrika, zikazaa rumba ya Kongo na kuchochea dansi la Tanganyika. Bendi ya Salum Abdallah ya Morogoro ilijiita Cuban Marimba. Tanga ilipata Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi zilizocheza dansi katika kipindi ambacho mapigo ya Cuba na Kongo ndiyo yaliyotawala ukumbi. Calypso yenyewe ilishika zaidi Afrika Magharibi, ambako ilichangamana na muziki wa highlife. Mtrinidad Lord Kitchener alitunga wimbo wa kuupokea uhuru wa Ghana wa mwaka 1957.

Mtu aliyeiunganisha calypso na Kiswahili ni Harry Belafonte, aliyezaliwa New York mwaka 1927 kwa mama Mjamaika. Albamu yake iitwayo Calypso ilitoka mwaka 1956 na kukaa wiki 31 kileleni katika orodha ya mauzo ya Marekani. Watrinidad walinung'unika, na walikuwa na sababu: wimbo wake uliovuma kuliko zote ulitokana na nyimbo za kazi za wapakia ndizi wa Jamaika, ambako muziki wa asili una jina lake, mento. Ilikuwa mara ya pili jina la Calypso kufunika jina jingine.

Mwaka 1965 Belafonte alitoa albamu pamoja na Miriam Makeba wa Afrika Kusini, na ndani yake mlikuwamo Malaika, wimbo wa Kiswahili ambao Fadhili William wa Kenya alikuwa ameurekodi miaka michache kabla. Utunzi wake umegombaniwa kwa miongo mingi, na miongoni mwa wanaotajwa kuwa watunzi ni Adam Salim, Mtanzania. Albamu ilipata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Hivyo wimbo wa kijana asiye na mali ya kumwoa ampendaye, uliozoeleka katika harusi za Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, ulifika sebuleni mwa Wamarekani kwa sauti ya mtu waliyemwita mfalme wa calypso. Belafonte hakuanzia hapo kushughulika na Afrika Mashariki. Mwaka 1959 alikuwa miongoni mwa watu mashuhuri waliochangisha fedha za mpango wa Tom Mboya wa kuwapeleka wanafunzi wa Kenya vyuoni Marekani. Ndege ya kwanza ilibeba 81. Alifariki dunia tarehe 25 Aprili 2023.

Meli iliyofunua

Meli ya Calypso haikujengwa kwa utafiti. Iliundwa kwa mbao huko Seattle, Marekani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ili kutegua mabomu ya baharini kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza. Mbao zilikuwa na faida yake: mabomu mengi ya wakati huo yalilipuliwa na sumaku ya chuma. Vita vilipokwisha, meli hiyo ya urefu wa mita 42 hivi iligeuzwa kuwa kivuko kati ya Malta na kisiwa jirani cha Gozo. Watu wa Gozo wana mapokeo kwamba kisiwa chao ndicho Ogygia, na pango la Calypso huonyeshwa wageni. Kivuko cha kwenda kwa Calypso kikapewa jina lake.

Mwaka 1950 tajiri Mwingereza, Loel Guinness, aliinunua na kumkodisha Cousteau kwa faranga moja kwa mwaka. Cousteau, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, tayari alikuwa na umaarufu: mwaka 1943 yeye na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza kifaa kinachompa mpiga mbizi hewa ya mtungi kwa kadiri anavyovuta pumzi. Kabla ya hapo mzamiaji aliyetaka kukaa chini alifungwa kofia ya shaba na mpira wa hewa uliomshikilia kama mbuzi wa kamba. Kwenye pua ya Calypso kiliongezwa chumba cha chuma chenye madirisha, mita kadhaa chini ya maji, ambamo mtu hulala kifudifudi na kutazama samaki huku meli ikienda.

Safari zake za mwanzo ziligusa maji yanayojulikana na Waswahili. Ya kwanza kubwa ilikuwa ya Bahari ya Shamu, mwaka 1951. Mwanzoni mwa 1954 Calypso ilikuwa Ghuba, ikifanya kazi ya kampuni ya mafuta ya Waingereza: wapiga mbizi walishuka mbele ya Abu Dhabi kuchukua vipande vya mwamba wa sakafu ya bahari. Mafuta ya baharini yalipatikana huko Umm Shaif mwaka 1958, na shehena ya kwanza ya mafuta ya Abu Dhabi iliondoka mwaka 1962. Utajiri uliokuja kuwavuta watu wa pwani ya Afrika Mashariki kwenda kutafuta kazi Ghuba ulipimwa, kwa sehemu, na wapiga mbizi wa meli hii.

Mwaka 1955 Calypso iliingia Bahari ya Hindi kupiga picha za filamu ya Ulimwengu wa Kimya, iliyoongozwa na Cousteau na Louis Malle. Vipande vyake vinavyokumbukwa zaidi vilichukuliwa katika kisiwa cha Assumption cha Shelisheli, karibu kilomita 1,000 kusini-mashariki ya Tanga. Huko chewa mmoja mkubwa aliwazoea wapiga mbizi hadi akawa anawafuata na kudai nyama, nao wakamwita Jojo. Filamu ilishinda zawadi ya juu ya tamasha la Cannes mwaka 1956 na tuzo ya Oscar mwaka uliofuata.

Filamu hiyo hiyo ina kipande ambacho mtazamaji wa Tanga hukitazama kwa jicho lake. Ili kuhesabu aina za samaki wa mwamba mmoja, watafiti wanatega baruti na kulipua. Maji yanaruka, kisha wapiga mbizi wanashuka kuokota. Wachache wanaelea, wengi wamezama na kutapakaa chini, vibofu vya hewa vimepasuka. Msimulizi anaeleza kuwa kwa mvuvi njia hii ni uharibifu, lakini kwa sayansi ndiyo njia ya kupata hesabu kamili.

Pwani ya Tanga imelipia njia hiyo kwa miongo mingi. Uvuvi wa mabomu ulienea Tanzania kuanzia miaka ya 1960, na marufuku ya sheria, ikiwemo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, haikuukomesha upesi. Bomu moja huua samaki wakubwa na wachanga pamoja, na matumbawe yanayovunjwa kwa sekunde huhitaji miaka mingi kuota tena, kwa sababu vifusi vinavyobingirika na mawimbi havishiki chipukizi. Mwaka 1994 ulianza mpango wa hifadhi ya pwani ya Tanga, ambao uliwashirikisha wanavijiji katika doria na kufunga baadhi ya miamba kwa muda. Doria za vyombo kadhaa vya serikali katika nusu ya pili ya miaka ya 2010 zilipunguza milipuko kwa kiasi kikubwa. Cousteau mwenyewe alibadilika. Mwaka 1960 alipinga mpango wa kutupa taka za nyuklia katika Bahari ya Kati, na miaka ya baadaye ya Calypso ikawa ya kutetea bahari zaidi kuliko ya kuivumbua.

Mwaka 1963 meli ilitia nanga Sha'ab Rumi, mbele ya pwani ya Sudan, ambako wanaume 5 waliishi mwezi mzima katika nyumba iliyojengwa mita 10 chini ya maji. Mfululizo wa televisheni uliofuata uliifanya Calypso kuwa meli inayojulikana na watoto wa dunia nzima, na mwaka 1975 mwimbaji Mmarekani John Denver aliitungia wimbo. Januari 1996 tishari liliigonga bandarini Singapore ikazama. Iliopolewa, ikavutwa hadi Ufaransa, ikakaa miaka mingi ikioza kwa ugomvi wa nani ailipie. Cousteau alifariki dunia Juni 1997, na mwaka 2016 meli ilipelekwa Uturuki kufanyiwa matengenezo.

Majina mengine, bahari ile ile

Jina halikuishia katika nyumba hizo tatu. Kuna okidi ya misitu ya baridi iitwayo Calypso, kwa sababu hujificha kwenye kivuli. Kuna sayari ndogo iliyogunduliwa mwaka 1858, na mwezi wa sayari ya Zohali uliogunduliwa mwaka 1980. Wanasayansi wa Ulaya waliizoea desturi ya kukipa kila kitu kipya jina la Kigiriki, hata pale ambapo kitu hicho kilikuwa kipya kwao tu.

Mfano ulio karibu na Tanga ni silikanti. Neno hilo limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya uwazi na mwiba, na lilitolewa karne ya 19 kwa visukuku vya samaki aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosauri. Desemba 1938 mmoja alinaswa akiwa hai Afrika Kusini. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na hapo ikajulikana kwamba wavuvi wa visiwa hivyo walikuwa wakimpata mara moja moja, na walikuwa na jina lake: gombessa. Tanzania ilimthibitisha mwaka 2003. Muda mfupi baadaye wavuvi wa mkoa wa Tanga wakaanza kuwatoa mmoja baada ya mwingine katika jarife zilizotegwa kwenye kina kirefu kuliko zamani, kwa ajili ya papa.

Samaki huyo huishi kwenye mapango ya miamba, kwa kawaida zaidi ya mita 100 chini, mbali na kina alichofika mpiga mbizi wa Calypso kwa mtungi wa hewa. Mwaka 2009 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye urefu wa karibu kilomita 100 kutoka mdomo wa Mto Pangani hadi kaskazini ya Jiji la Tanga. Mojawapo ya kazi zake ni kuziondoa jarife kwenye mapango hayo, na neno la Kigiriki lililo katika jina lake sasa hutamkwa na wavuvi wa Kigombe na Mwambani kwa irabu za Kiswahili.